Sukari ya Sadaka

Nina ugomvi na mfuko wa Ramadhani. Mnaujua. Ndani yake mna unga mweupe wa ngano kilo mbili, sukari kilo mbili, mafuta ya kupikia lita moja, pakiti mbili za tambi, na tende zilizogandana hadi zimekuwa tofali. Nje pana jina la mtoaji, kwa herufi kubwa kuliko za neno "Ramadhani". Kila mwaka, siku chache kabla ya mwezi kuandama, mifuko hii hupangwa vibarazani hapa kwetu Unguja, ikapigwa picha, halafu ikagawiwa kwa watu ambao nao hupigwa picha.

Ugomvi wangu hauhusu picha. Hizo zimeshasemwa sana, na wanaozipiga wana jibu lao tayari: tunahamasisha wengine. Mimi nagombana na kilichomo ndani. Wengi wetu tuliosoma, tunaoweza kugeuza pakiti na kusoma maandishi madogo ya nyuma, tumeanza kuoka mikate miwili. Mmoja wa kwetu nyumbani, mwingine wa mtu tusiyemjua. Na huo wa pili tunauita sadaka.

Niko katika kikundi cha wanawake wapatao 40 tunaooka majumbani. Wengine wanauza, wengine wanawapikia watoto wao tu. Miaka mitano nyuma mazungumzo yetu yote yalikuwa keki: rangi gani haigandi kwenye vidole, krimu gani inastahimili joto la mwezi wa Februari. Siku hizi tunazungumza afya. Ni mtindo, sikatai, lakini mtindo huu umekuja na maiti zake. Mama wa mmoja wetu amekatwa kidole cha mguu. Mume wa mwingine alipata kiharusi akiwa na miaka 44. Karibu kila nyumba ninayoingia ina ile mashine ndogo ya kupimia sukari kwa tone la damu, na mara nyingi naikuta juu ya friji, karibu na Msahafu.

Mwezi wa Shaaban uliopita mwenzetu aliuliza: nitampikiaje mama mkate wa kumimina bila kumuua? Majibu yaliyokuja ningeyachapisha kitabu. Punguza sukari kidogo kidogo, kila wiki robo, hadi ulimi wake uzoee; ukiiondoa yote siku moja ataususa mkate na atakususa na wewe. Zidisha iliki, maana harufu yake huudanganya ulimi. Rojo liache liumuke muda mrefu zaidi, kwa kuwa hamira haidai sukari ili ifanye kazi, inadai subira. Usiisubiri ile rangi ya hudhurungi juu, sehemu yake kubwa ilikuwa sukari inayoungua. Utoe mkate kwa kuuchoma kijiti, usiutoe kwa macho. Mmoja alishauri rojo la tende, akajibiwa papo hapo na mwenye akili zaidi kwamba tende nayo ni sukari, tofauti ni kuwa imekuja na nyuzinyuzi zake. Na mtu mzima wetu mmoja akamaliza kabisa: shoga, mkate wenyewe ni mchele mweupe na tui zito, hata usipotia sukari hata chembe, mama ale kipande, asile robo ya sufuria.

Nilijivunia kuwa mmoja wao. Ni elimu ya kweli ile, inatoka jikoni na inatoka kliniki, na haikuuzwa na mtu.

Dakika 20 baadaye, kwenye kikundi hicho hicho, ikatumwa orodha ya mfuko wa sadaka. Mifuko 100. Sukari magunia manne ya kilo 50. Zikafuata alama za mikono ya dua na za mioyo. Yule aliyeuliza habari ya mama yake alikuwa wa mwanzo kuahidi gunia zima. Hakuna aliyeona kwamba mazungumzo yale mawili ni mamoja.

Simsimangi. Ni mtu mwema, anatoa hata pale ambapo kwake kumepungua. Ndiyo maana jambo hili linanitia hofu kuliko lingefanywa na bahili. Bahili ukimwonyesha aibu yake anaweza kuona haya. Mtu mwema aliyekwisha kushukuriwa mara mia, utamwambia nini?

Siku ya kugawa nilikuwapo, Ng'ambo, baada ya Asri. Bibi mmoja wa miaka sabini na kitu alipokea mfuko wake, akaufungua pale pale, akatoa pakiti za sukari na kumrudishia kijana aliyempa.

"Mwanangu, hii iweke. Mimi nina sukari."

Kijana akacheka, akadhani anataniwa. "Basi ongezea hiyo uliyonayo, bibi."

Lugha yetu imeupa ugonjwa jina la kitu chenyewe, na kwa kawaida hilo halimpotezi mtu. Siku ile ilimpasa bibi aeleze, mbele ya foleni nzima ya majirani, kwamba anaumwa, anakunywa vidonge asubuhi na jioni, na hospitali wamemkataza. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, kama badala yake kuna kunde. Kunde hazikuwapo. Kijana, kwa upole wa kweli, maana hakuwa na ubaya wowote, akazirudisha zile pakiti mfukoni mwake. "Chukua tu, bibi. Utauza."

Bibi akachukua. Akasema ahsante, akatuombea dua sote, akaondoka na kilo zake mbili.

Neno lile "utauza" sijalisahau. Maana yake ni kwamba mwezi mtukufu umeingia na sisi, watu wa afya na unga wa nafaka nzima, tumemfanya bibi wa miaka sabini mchuuzi wa sukari. Azunguke na pakiti hadi duka la pembeni, mwenye duka amkate bei kwa sababu anajua imetoka wapi, na senti zinazobaki ndiyo thawabu yetu.

Tupige hesabu, maana wapo wanaodhani natia chumvi. Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilishauri kwamba sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nishati mtu anayoipata kwa siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Kiwango hicho cha chini kwa mtu mzima ni kama gramu 25, yaani vijiko sita vya chai. Kwa bibi anayeishi peke yake, kilo mbili ni siku 80 za kikomo hicho, na hapo tumemhesabu kama mzima. Lakini hesabu hiyo hiyo inageuka ukimpa mfuko mama mwenye watoto wanne: watu watano, siku 30, kilo mbili ziko chini ya kikomo wala hazina neno. Kwa hiyo ubaya hauko ndani ya pakiti. Uko kwetu sisi tuliopakia mifuko 100 iliyofanana bila kuuliza nani anakula nini, wakati kwa mama zetu tunahesabu hadi chembe.

Majibu yenu nayajua, nimeyasikia yote. Kwamba maskini anataka kushiba, mambo ya nyuzinyuzi ni ya walioshiba. Kwamba sukari haiozi, inabebeka, inagawika. Hili ni jibu la mtu aliyewahi kubeba mizigo na ninaliheshimu. Kwamba nia ndiyo kitu. Kwamba anayepewa hachagui. Hilo la mwisho husemwa kwa namna ya kutania, lakini ndilo linaloshikilia mengine yote.

Haya, basi tuzungumze dini, kwa kuwa ndiyo iliyoandikwa kwenye mfuko.

Mwislamu akivunja kiapo ana kafara, na namna mojawapo ya kuitoa ni kulisha maskini kumi. Kipimo cha chakula hicho kimetajwa katika Sura ya Al-Maida, aya ya 89, na hakikuachiwa huruma ya mtoaji: ni wastani wa kile unachowalisha watu wa nyumbani kwako. Sufuria yako ndiyo mizani. Hukuambiwa ulishe kinachofaa watu wa aina ile, au kinachopatikana kwa jumla.

Au chukua zaka ya fitri, ambayo kila mtoto wa pwani hii ameona ikipimwa. Pishi moja kwa kila kichwa, vibaba vinne. Madhehebu ya Imamu Shafi, wanayoyafuata wengi wa hapa, yanataka kitolewe chakula kikuu cha watu wa mji, na kisiwe na kasoro. Unaruhusiwa kupanda, ukatoa kilicho bora kuliko kile unachowajibika nacho. Huruhusiwi kushuka. Nilipoisoma kanuni hiyo chuoni niliiona ya kisheria tu, kavu. Sasa naiona imeandikwa na mtu aliyetujua vizuri mno.

Na Al-Baqara 267 inakataza mtu kuichambua mali yake akakitoa kilicho hafifu. Utaniambia sukari si kitu hafifu. Kweli, lakini wewe nyumbani kwako umeiondoa mezani. Umeiondoa kwa kuwa umeona inavyokata vidole vya miguu. Ukaifunga vizuri, ukaitia jina lako, ukaipeleka mtaa wa pili.

Kuna na Al-Maun, sura fupi ambayo wengi wetu tuliihifadhi kabla hatujajua kufunga kamba za viatu. Jina lake ni la vitu vidogo vidogo vya kusaidiana. Wafasiri wa mwanzo walitaja ndoo, chungu, shoka. Sura ile inawakemea wanaosali ili waonekane kisha wakanyima hivyo vidogo. Huwa najiuliza mbona wema wetu tumeutoa kwenye udogo huo tukaupandisha kwenye lori. Sahani ya jirani ilikuwa hairudi tupu. Ukipelekewa vibibi, unarudisha sahani na kachori mbili juu yake. Aliyekuletea alijua unapenda nini kwa sababu alikuona ukila.

Kitu kama hicho bado kipo, na ukitaka kukiona simama barabarani magharibi ikikaribia. Vijana wenye visahani vya tende na chupa za maji wanakimbilia madirisha ya daladala, wanampa dereva, wanampa konda, wanampa abiria asiyejua hata jina la kituo. Hakuna anayeulizwa anatoka wapi wala kama amefunga. Na tende ile anayopewa mgeni imetoka kwenye boksi lile lile ambalo kijana mwenyewe, dakika moja baadaye, adhana ikilia, ataingiza mkono na kufungulia. Hapo sina ugomvi na mtu. Siku ya kwanza ya mwezi naona hata konda anasema tafadhali.

Msidhani lakini kwamba zamani tulikuwa malaika. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akamkuta sultani aliyepewa lakabu ya Abul-Mawahib kwa wingi wa zawadi zake. Anasimulia kwamba sultani alikuwa akitoka kwenye sala ya Ijumaa, fakiri mmoja kutoka Yemen akamsimamisha njiani na kumwomba nguo alizovaa mwilini. Sultani akasema atampa. Fakiri akasema, saa hii. Sultani akarudi, akavaa nyingine, akampa zile alizokuwa amevaa. Ningetaka kuishia hapo, maana ndiyo hoja yangu imevaa joho: kilichotolewa kilikuwa mwilini mwa mtoaji, na aliyepewa ndiye aliyechagua. Lakini simulizi inaendelea. Mtoto wa sultani akazichukua nguo zile kwa fakiri, akampa watumwa kumi badala yake, na sultani alipoona watu wanasifu akaongeza watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe. Kwa hiyo katika hadithi moja tunao ukarimu wa kuvua nguo na ukarimu wa kutoa watu wengine. Huu wa pili ndio uliokuwa na hesabu kubwa, na ndio uliosababishwa na sifa. Anayeandika jina lake juu ya mfuko akaisome.

Sasa kuna shimo la upande wa pili, nalo nimekwisha kuona watu wakiliendea. Nilipoyasema haya kikundini, mwenzetu mmoja alichangamka: basi tuoke mikate 100 ya mofa! Mtama mtupu, hakuna sukari, hakuna mafuta, tuwape afya. Nilikataa. Mofa naipenda, ule mkate mdogo wa mviringo uliobandikwa kwenye ukuta wa tanuri, ukitoka moto na ukaumegea mchuzi wa samaki, sijui kama kuna mkate mwingine. Lakini mtu anayekuchagulia sukari na mtu anayekuchagulia mtama ni mtu mmoja, amebadilisha kanga tu. Kumlisha mgeni mkate wa daktari ambao hakuuomba ni kumpa adhabu yenye vitamini. Na tukumbuke kwamba mtama ulikuwa chakula cha wasio na uwezo hadi sisi tulipougundua na kuupandisha bei.

Nilichopendekeza kilikuwa kidogo, na kwa wengine kilionekana kama uvivu. Sheha ana orodha ya majina. Orodha ile haisemi nani ana kisukari, nani hana meno, nani anapika kwa kuni na nani hana pa kupikia kabisa, na haina haja ya kusema. Hayo ni siri za watu. Lakini sisi tuna miguu. Kila mmoja achukue nyumba mbili au tatu, abishe hodi kabla ya mwezi, aulize: kwenu mnafuturu nini? Kisha apike kwenye sufuria yake mwenyewe, mkate ule ule anaokula, akiongeza sinia moja. Asiyeweza kupika anunue kile alichoambiwa, kunde kama ni kunde, sukari kama ni sukari.

Tulikubaliana tisa. Waliobaki walinunua magunia yao kama kawaida, na mmoja wao aliniandikia pembeni kwamba nawavunja watu moyo wa kutoa, mwezi wenyewe ndio huu. Kama moyo wa kutoa unavunjwa na kuambiwa uliza kwanza, basi ulikuwa moyo wa kitu kingine.

Mtaani kwetu analinda mzee mmoja kutoka Dodoma. Anakaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwembe, kuanzia magharibi hadi alfajiri, akilinda magari ambayo si yake. Ni Mkristo, na wapo waliosema kwamba futari haimhusu. Zaka ina watu wake waliotajwa, sibishi. Sadaka ya hiari haina mpaka huo, na anayekesha mlangoni kwako ni jirani hata kama nyumba yake iko bara. Nilimwendea wiki mbili kabla ya mwezi nikamuuliza anapenda mkate gani.

"Kwani dada umefungua duka?"

Nikamwambia hapana, nataka kujua tu. Akafikiri kwa makini, kama mtu aliyepewa mtihani. Mtama hataki. "Mtama nimekula hadi nikahama," alisema, na ndiyo mara ya kwanza nilipomwona akicheka kwa sauti. Nazi inamletea kiungulia, alishangaa tangu siku ya kwanza namna watu wa huku tunavyoweza kulala baada ya tui. Anataka mkate wa ngano, mkavu kidogo, wa kuchovya kwenye chai. Na chai yake ina vijiko viwili vya sukari, alipimwa na hana tatizo, hivyo viwili nisimpunguzie.

Basi Jumatatu na Alhamisi naoka mkate wake. Nusu unga mweupe, nusu unga wa atta wenye pumba zake, hamira kijiko, chumvi, mafuta kidogo, ufuta juu. Naukanda baada ya Adhuhuri ili uumuke taratibu. Sufuria yetu ni moja, kwa hiyo siku hizo nasi tunafuturu mkate wa mzee wa Dodoma. Mama anasema si mbaya ukipata supu. Watoto wa kaka yangu wanalalamika kila mara, wanauliza lini utarudi ule wa nazi, na mdogo wao alikwenda chini ya mwembe mwenyewe kumwomba mzee abadilishe mawazo. Mzee alimwambia atalifikiria.